Jinsi ya kuset gari kwenye Need for Speed: Underground 2

Watu wengi wananunua kila kitu dukani alafu wanashangaa bado wanaachwa. Hii gemu ya 2004 ina kitu kinaitwa daino, yaani sehemu ya kupima na kuset gari, na hapo ndo unaposhinda au kushindwa mbio. Anza na gia, acha mengine kwanza. Ukivuta final drive (uwiano mmoja unaogusa gia zote) upande wa kasi gari inakuwa nzito kuondoka ila inakimbia sana barabara ndefu, ukirudisha upande wa kuchomoka inaruka kama paka kachomwa ila inaishiwa mapema, injini inalia tu na wenzako wanapita. Kwa hiyo Street X, kona tupu na naitro (gesi ya kuongeza kasi) hamna, weka upande wa kuchomoka. Drag, mbio za kunyoosha moja kwa moja, nenda katikati kwanza, piga ran moja: kama gia ya juu imeshafika mstari mwekundu kabla ya kumaliza, irefushe kidogo, kama hujaiingia hata, ifupishe. Sogeza kidogo kidogo jamani, sio unaburuta mpaka mwisho.

Tabo (turbo, inayoipa injini nguvu) nayo, usijaze rpm (mizunguko ya injini) za juu tu, kona ukitoka injini iko chini na gari inalala. Ongeza za chini na za kati.

Springi ngumu kwa sakiti, gari isiyumbe. Breki mimi nazipeleka mbele kidogo, matako ya gari yasikimbie. Drift, mbio za kuteleza kwenye kona, hiyo sahau, huko unataka yakimbie.

Ukimaliza jaribu kwenye traki ya majaribio kabla ya kusevu.