Kabla Hujalipa Karo ya Uuguzi wa Wanyama Nairobi: Mambo ya Kuzingatia

Matokeo ya KCSE yakitoka tu, simu zinaanza. Mzazi anauliza, "Ni chuo gani kizuri cha uuguzi wa wanyama hapa Nairobi?" Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: mtoto akimaliza, nani atamsajili?

Anza na sheria. Kazi hii inasimamiwa na Sheria namba 29 ya mwaka 2011, inayotambua makundi mawili: madaktari wa mifugo na wataalamu wasaidizi wao. Wote husajiliwa na Bodi ya Mifugo ya Kenya, KVB, iliyoko Kabete, na ni kosa kufanya kazi hiyo bila usajili. Unayemwona kwenye kliniki za Karen au Westlands akimshikilia mbwa, akimwekea dripu na kumwangalia akizinduka baada ya upasuaji, anatakiwa awe kwenye daftari la bodi, mara nyingi kama mtaalamu msaidizi mwenye cheti au diploma ya afya ya wanyama. Tangazo likikuahidi "nesi wa mifugo mwenye leseni", uliza leseni hiyo inatoka kwa nani.

Stakabadhi unazijua: cheti cha KCSE, kitambulisho, picha za pasipoti. Alama za baiolojia ziwe nzuri. Songa mbele.

Sasa sikiliza hili vizuri. Leseni ya chuo na idhini ya kozi ni vitu viwili tofauti. Chuo kinaweza kuwa na leseni halali ya TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi, imetundikwa ukutani pale mapokezi, na kozi yenyewe ya afya ya wanyama haijawahi kufikishwa mbele ya bodi. Mtoto wa dada yangu alisomea chuo cha namna hiyo katikati ya jiji. Alihudhuria kila somo, akafaulu, akapata atachimenti, yaani mafunzo kazini, kwenye kliniki moja nzuri. Nilimwona kazini kwa macho yangu. Alimfunga paka mkali kwa taulo bila kumuumiza. Kwa mbwa alinyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, akakandamiza kwa kidole gumba mpaka mshipa ukainuka, na daktari akaingiza kanula ya dripu mara moja tu. Mwenye kliniki akataka kumwajiri, akamwomba namba ya usajili.

Akaenda Kabete na faili lake. Jioni akanipigia: "Anti, wamesema kozi yetu hawaijui." Karani wa chuo akamwambia idhini iko njiani. Wanafunzi waliomtangulia nao waliambiwa hivyohivyo. Mwenye kliniki, kwa huruma, akampa kazi ya kuosha vizimba na kupokea wateja, kwa sababu sindano hakuweza kumruhusu. Msichana aliyejua kuinua mshipa vile akawa anasimama mlangoni akitazama. Mwishowe alianza upya chuo kingine, mwaka wa kwanza, na mkopo wa chama aliochukua mama yake kwa karo ya kwanza bado ulikuwa unalipwa. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kutoa hata shilingi. Nenda kwenye bodi mwenyewe, au uwaandikie, ukitaja jina kamili la chuo, tawi lake, na jina la kozi kama lilivyo kwenye barua ya kukubaliwa. Usikubali jibu la "chuo chetu kinajulikana". Uliza pia chuoni kama majina ya wanafunzi hupelekwa kwa bodi tangu mwanzo, na uombe kuzungumza na mhitimu aliyekwisha kusajiliwa. Chuo kinachojiamini hakitakasirika. Vyuo vya serikali kama AHITI Kabete, chuo cha afya ya wanyama, navyo viulize maswali hayohayo; swali halimdhuru mtu.

Chunguza mazoezi ya vitendo. Uliza wanafunzi wanagusa wanyama gani na nani anawasimamia. Atachimenti iwe chini ya mtu aliyesajiliwa, na aandike na kutia sahihi kazi ulizofanya. Kama maabara ni chumba chenye mabango ya ng'ombe na hadubini moja yenye vumbi, ondoka.

Ukiwa na ndoto ya kwenda nje, usidhani usajili wa Nairobi utakufuata. Uingereza manesi wa wanyama wana daftari lao chini ya chuo cha kifalme cha madaktari wa mifugo, RCVS, na hata wakishasajiliwa hawaruhusiwi kutambua ugonjwa wala kuandika dawa. Hiyo ni kazi ya daktari. Marekani kuna VTNE, mtihani wa kitaifa wa wasaidizi wa madaktari wa mifugo, kisha kila jimbo lina masharti yake. Afrika Kusini husajili kupitia baraza lake, SAVC. Wakala akisema cheti kimoja kinafungua milango yote hiyo, mwache hapohapo.

Afya yako. Kabla ya atachimenti, ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa wanaofanya kazi na wanyama, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi 2 za kinga, siku ya kwanza na siku ya 7 baadaye. Ukiumwa na mnyama, hata baada ya chanjo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kuona kama mbwa ataugua.

Ukishasajiliwa, leseni huhuishwa kila mwaka, na bodi hutaka mafunzo endelevu, kwa hiyo panga pesa na muda wa semina mapema. Hifadhi nakala za barua zote. Karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo, siyo kwa namba ya simu ya mtu, na risiti uidai palepale. Na mtu akikuambia namba ya usajili inaweza kupatikana kwa ada ndogo bila kufika Kabete, chukua jina lake ulipeleke kwa bodi.