Gari la kabureta likikata mafuta: usiikimbilie kabureta

Jumapili iliyopita nilikuwa Makorora, hapa Tanga, kwa mzee mmoja mwenye Corolla KE70, injini ya 4K. Asubuhi linawaka vizuri. Likishapita Pongwe, akikanyaga mafuta kuelekea Muheza, linakohoa, linakosa nguvu, linazima. Akisubiri robo saa pembeni ya barabara linawaka kama halikuwa na kitu. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilikwishafunguliwa mara tatu, na kila mara amelipia ufundi na gasketi mpya. Kabureta ile ilikuwa nzima. Inaniuma kuona mzee anamalizwa pesa namna hiyo, ndiyo maana naandika utaratibu ninaoufuata mimi.

Hatua ya 1: Plagi

Hakikisha plagi zinatoa moto, yaani cheche, kabla hujagusa mpira wowote wa mafuta. Petroli ikishamwagika, usijaribu tena moto wa plagi hapo.

Hatua ya 2: Kidirisha

Kabureta ya Aisan iliyo kwenye 4K ina kidirisha cha kioo ubavuni, kinachoonyesha petroli iliyomo kwenye bakuli lake. Petroli inatakiwa ionekane karibu na katikati. Kitazame pale pale gari linapozima. Ukichelewa dakika kumi utadanganyika. Kama huoni vizuri, zima swichi, toa kifuniko cha chujio la hewa, vuta waya wa ekseleta kwa mkono ukichungulia ndani. Petroli ikiruka, bakuli lina mafuta. Isiporuka na kidirisha ni kikavu, mafuta hayafiki, na kufungua kabureta ni kupoteza muda.

Hatua ya 3: Kifuniko cha tenki

Likizima, fungua kifuniko usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, tenki halipumui. Tafuta kifuniko chake halisi, au zibua njia ya hewa.

Hatua ya 4: Pampu

Chomoa waya mwembamba wa + kwenye koili, injini isiwake wala kutoa cheche karibu na petroli. Chomoa kwenye kabureta mpira utokao pampu, uelekeze ndani ya chupa, mwenzako apige stata sekunde kumi. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu. Nusa pia kijiti cha oili: kikinuka petroli, kiwambo, ule utando ulio ndani ya pampu, kimepasuka na mafuta yanashuka kwenye injini. Usiliwashe tena gari hilo mpaka ubadilishe pampu na oili.

Hatua ya 5: Kidumu

Hapa ndipo mimi nilipopoteza siku nzima, miaka ya nyuma, njia ya Pangani na pikapu ya mjomba. Kila likizima tulimwagia pampu maji, tukifunika kitambaa kibichi, linawaka. Tukaamini ni joto. Tukanunua pampu mpya, likazima vilevile. Kumbe maji hayakusaidia lolote. Ule muda wa kusubiri ndio uliotupa nafuu.

Chukua kidumu safi chenye lita mbili za petroli. Likizima, liache lipoe kidogo, chomoa kwenye pampu mpira utokao tenkini, uzibe kwa bolti. Unganisha mpira mfupi mpya kutoka pampu mpaka chini ya kidumu. Kama pampu yako ina mpira wa kurudisha mafuta, nao uingie kidumuni. Kidumu kikae nje, chini, mbali na eksozi, na pasiwe na mtu anayevuta sigara. Usiendeshe gari kidumu kikiwa ndani ya boneti, hata mita mia.

Piga stata. Petroli ikipanda upesi kwenye kidirisha, pampu ni nzima; ubovu uko nyuma, kati ya pampu na tenki. Sasa rudisha njia ya tenki, lakini kipande cha kuingilia pampu kiwe mpira unaoonyesha ndani. Washa, kanyaga mafuta. Mapovu yakipita mfululizo, kuna mahali panaingiza hewa.

Mahali hapo mara nyingi hapavuji, na hilo ndilo linalowapoteza mafundi. Pampu inavuta, kwa hiyo ufa unaingiza hewa badala ya kutoa petroli. Tenki likijaa shida hupungua, likibaki robo inazidi. Usitosheke na kutazama kwa juu. Kunja kila mpira kwa vidole, hasa upande wa chini, halafu pitisha mkono kwenye bomba la chuma pale linaposhikwa na klipu. Kwa chumvi ya bahari yetu hapa Tanga, kutu huanzia chini ya klipu. Kwa mzee ulikuwa mpira mfupi karibu na tenki: juu mzuri, chini umepasuka, umefungwa kwa waya.

Nunua mpira wa petroli, usiweke wa maji. Huo utavimba na kulainika. Funga kwa klampu za skrubu. Waya siukubali kabisa.

Hatua ya 6: Kabureta

Fika hapa tu kama bakuli lina mafuta na gari bado linasumbua. Safisha jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, kwa hewa ya kompresa, usichokonoe kwa waya, maana shaba huchubuka na tundu hupanuka. Gasketi ya silikoni usiipake. Petroli huila na vipande vyake huziba jeti.

Mpira wa mzee tuliubadilisha jioni ile ile. Jumatatu alikwenda Muheza, akarudi na magunia ya machungwa bila kusimama. Nimemwambia akaze klampu tena wiki hii, kwa sababu mpira mpya hulegea kidogo ukishazoea.