Mgongo ukikusumbua msimu wa korosho, pumzika kabla haujauma

Ndugu zangu wenye maumivu ya mgongo yaliyopita miezi 3, msisubiri maumivu ndiyo yawaambie pumzikeni. Mama mdogo, huku Newala, siku mgongo ukiwa mwepesi alikuwa anaokota korosho tangu alfajiri hadi jua la utosi, kisha siku mbili haamki mkekani. Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Seattle, Marekani, alifundisha tangu miaka ya 1970 kwamba kazi na mapumziko vipangwe kwa kiasi au muda, si kwa maumivu.

Pima siku tatu: unainama muda gani kabla mgongo haujachachamaa? Anza chini kidogo ya hapo. Mama mdogo alianza na nusu ndoo, kisha anakaa juu ya kinu kilicholazwa, anatenganisha korosho na mabibo taratibu, ndipo anainuka tena. Hata siku anayojisikia vizuri haongezi, na hapo ndipo pagumu kweli, wengi tunateleza hapo. Nyongeza ni kidogo, kila wiki.

Ila miguu ikifa ganzi au mkojo ukikutoka bila kujijua, nenda hospitali siku hiyohiyo.