Kufunza madevelopa kuandika kodi, darasani na kwa video: vile mimi hupanga

Kabla ununue maiki, kabla ulipie ukumbi, jiulize hivi: huyu mtu akitoka kwa darasa langu atakuwa ameandika nini kwa mkono wake mwenyewe? Nimeona kozi nyingi hapa Nairobi mwalimu anajua kazi kabisa, slaidi safi, watu wanatikisa kichwa siku nzima, alafu Jumatatu mtu anafungua laptopu yake na hajui aanzie wapi. Hiyo huniuma sana juu mtu amelipa, amepanda matatu mbili kutoka Kitengela, na ameacha kibarua cha Jumamosi.

Kwa hivyo chagua kitu, usichague mada. "JavaScript kwa wanaoanza" ni mada. "Ukurasa wa duka unaoitisha mteja shilingi 1 kwa M-Pesa na kuonyesha kama amelipa" hicho sasa ni kitu. Mimi hupenda huo mfano juu M-Pesa iko na sisi tangu 2007, hakuna mtu wa kuelezewa mteja anaona nini kwa simu, ameweka PIN maelfu ya mara, kilichobaki ni aone kodi inayofanya hiyo meseji itokee. Na mazingira ya majaribio ya Daraja, ile huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu yako na M-Pesa, ni bure, unafungua akaunti, unapewa funguo zako na namba ya majaribio 174379, unaanza.

Kuinstoli programu maliza kabla ya siku yenyewe, hapa sitanii. Darasa langu moja la kwanza nilikuwa na watu 14 na rauta moja, kila mtu akaanza kudaunlodi VS Code ya kuandikia kodi na Node.js ya kuiendesha kwa wakati mmoja, tumeanza saa tatu asubuhi na kufika saa tano kuna watu bado wanaangalia asilimia zikipanda. Wawili walienda lunch na hawakurudi. Tangu hapo nabeba flashi tatu zenye kila kitu, za Windows, za Mac na za Linux, pamoja na maktaba zote za mradi, yaani kodi tayari za watu wengine tunazotumia. Ile folda ya node_modules inayobeba hizo maktaba izipu kwanza iwe faili moja, juu iko na maelfu ya vifaili vidogo na flashi huikopi polepole mpaka utalia. Alafu siku mbili kabla, kwa grupu ya WhatsApp, kila mtu atume picha ya terminali yake, lile dirisha la kuandikia amri, ameandika node -v na namba ya toleo imetokea. Asiyetuma mpigie simu, mara nyingi amekwama na anaona haya kusema.

Stima nayo, waambie waje na chaji imejaa, wewe beba eksteshoni zako, na uwe na bando kwa simu ya kuwasha hotspot ikibidi.

Siku ya darasa weka slaidi kando uandike kodi mbele yao, laini moja moja, ukisema kwa sauti unachofikiria. Fonti iwe 20 kwenda juu, na utumie mandhari meupe, ile nyeusi tunayopenda haisomeki kwa projekta kama dirisha linaingiza jua. Kuna mbinu nilitoa kwa Software Carpentry, mradi ulioanzishwa 1998 na Greg Wilson na Brent Gorda kufunza wanasayansi kuprogramu: kila mwanafunzi anapewa vikaratasi viwili vya kunata vya rangi tofauti. Akimaliza hatua anabandika cha kijani nyuma ya skrini, akikwama anabandika chekundu. Ni kitu kidogo lakini kwetu hapa inasaidia mno, juu watu wengi hatukuzoeshwa kuinua mkono na kusema sijaelewa, tulizoeshwa kunyamaza tusichekwe, na kile kikaratasi kinaongea kwa niaba yako huku wewe ukiendelea kujaribu. Tafuta pia wasaidizi, mmoja kwa kila watu 7 ama 8. Na kuna sheria moja huwa sivunji: hakuna mwalimu wala msaidizi anagusa kibodi ya mwanafunzi. Muulize, mwonyeshe kwa kidole, ngoja. Ukimwandikia umemnyang'anya kile alichokuja kutafuta.

Makosa yaache yatokee, na mengine yapange. Kwa huo mradi wa M-Pesa najua mapema watu watakwama wapi. Kwanza mtu ataandika namba yake 07 vile amezoea na Daraja inataka ianze na 254. Pili ni pasiwadi, yenyewe ni namba ya duka (ile 174379), ufunguo na tarehe pamoja na saa vikiunganishwa alafu vikageuzwa kwa Base64, njia ya kuandika data kwa herufi na namba za kawaida, na ile saa iliyo ndani ya pasiwadi lazima ifanane na saa unayotuma kando kwa ombi hilohilo, mtu akiita saa mara mbili sekunde ikisonga katikati, inakataliwa. Ya tatu ndio naipenda zaidi. Tokeni ya Daraja, ile pasi ya muda inayoruhusu kodi yako kuongea na seva yao, inaishi sekunde 3600, yaani lisaa limoja. Wote wanaichukua karibu wakati mmoja asubuhi, kwa hivyo lisaa likiisha unaona vikaratasi vyekundu vinapanda mmoja baada ya mwingine, kodi iliyokuwa inafanya vizuri imekataa na hakuna mtu amegusa kitu. Hapo nanyamaza kabisa. Nawaacha wasome meseji ya hitilafu neno kwa neno, waulizane, na huwa kuna mmoja pale nyuma anasema "ngoja, tulichukua hii tokeni saa ngapi?" Baada ya hapo huyo mtu hasahau tena tokeni huisha.

Callback nayo, ile anwani Safaricom inatumia kukurudishia majibu ya malipo, watu huweka localhost, yaani kompyuta yao wenyewe, alafu wanashangaa majibu hayafiki. Mimi huwaambia hivi: ni kama umwambie mtu wa boda "leta mzigo kwangu" na hujasema kama uko Githurai ama Kibra. Seva ya Safaricom inataka anwani ya HTTPS inayofikika kutoka nje, kwa mazoezi tumia ngrok, inapea kompyuta yako anwani ya muda ya mtandaoni.

Sasa video. OBS Studio ni bure na inatosha kurekodi skrini. Pesa yako yote peleka kwa sauti, mtu atavumilia picha mbaya lakini sauti yenye mwangwi anatoka hata dakika haijaisha. Maiki ndogo ya kubana kwa shati utapata Luthuli Avenue, ijaribu pale pale dukani kabla ulipe. Rekodi kwa chumba chenye nguo na mapazia, ukuta mtupu ndio unarudisha sauti, na uchague saa yako vizuri. Mimi hurekodi usiku saa nne kwenda saa sita, honi za matatu zimepungua na jirani amezima redio.

Watazamaji wako wengi wako kwa simu na wanabana bando, kwa hivyo hata ukirekodi 1080p, ifungue kwa simu yako mwenyewe kwa 360p uone kama mabano na nukta mkato zinasomeka. Hazisomeki? Ongeza fonti, ficha menyu zote za pembeni, urekodi tena. Video moja ijibu swali moja, dakika 6 mpaka 10. Na usikate makosa yako wakati wa kuediti! Ukikosea kwa bahati mbaya, iache, onyesha vile umesoma hitilafu na vile umeitafuta, juu anayeona kodi ikitokea sawa kila mara atadhani yeye tu ndiye anakosea, na ataacha.

Lugha ongea ile unaongea. Maneno yaliyo kwa skrini yaache yalivyo, maana yake yape Kiswahili. Lupu, yaani kodi inayorudia hatua ileile, mimi huieleza na kondakta anayeokota nauli kiti kwa kiti mpaka cha mwisho, na abiria mmoja akikataa kulipa hapo ndio unaingiza sharti.

Matoleo ya kila programu yaandike chini ya video, na kodi uiweke GitHub, ile tovuti ya kuhifadhi kodi, kwa hatua, ili aliyekwama hatua ya nne asianze upya.

Bei ukipanga, itisha angalau nusu mapema, nimeona waliolipa kitu ndio hufika.

Wiki mbili baadaye rudi kwa ile grupu uombe kila mtu linki ya mradi wake. Soma kodi zao kweli kweli, ujibu kila mmoja. Wakiwa watatu wamekwama mahali pamoja basi hapo ni mimi sikueleza vizuri, kwa hivyo natengeneza video ya hiyo sehemu peke yake na naanza na hitilafu yenyewe vile ilitokea kwa skrini zao.