Namna ya Kuijaribu Chupa ya Plastiki Kabla ya Kuijaza Waragi

Tangu Uganda ilipopiga marufuku pombe kali ya vifuko mwaka 2019 na kuweka mililita 200 kuwa ujazo wa chini kabisa, chupa ya plastiki imekuwa kimbilio la watengenezaji wadogo wa waragi, pombe kali ya Uganda, kwa kuwa ni nyepesi na haivunjiki ovyo. Hata hivyo, chupa iliyobeba maji miaka nenda miaka rudi haijathibitisha lolote kuhusu pombe ya asilimia 40, maana ethanoli, yaani kileo chenyewe, huvuta kutoka kwenye plastiki vitu ambavyo maji huviacha palepale. Nchini Marekani chupa za aina ya plastiki iitwayo PVC ziliruhusiwa kwa majaribio, hadi ilipobainika mwaka 1973 kwamba kloridi ya vinili, kemikali ya kutengenezea PVC, ilikuwa ikiingia kwenye pombe. Mwaka uliofuata kemikali hiyo ilihusishwa na saratani ya ini miongoni mwa wafanyakazi wa viwandani.

Kwa hiyo, kwanza tazama kitako cha chupa. Namba 1 ndani ya pembetatu ni PET, plastiki ya chupa nyingi za maji na soda, na namba 3 ni PVC, ambayo uikatae. Namba 1 peke yake haitoshi: mdai muuzaji hati inayoonyesha kwamba malighafi yake inafaa kwa vyakula.

Kisha peleka sampuli maabara. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 10/2011 ni kielelezo kizuri: kwa pombe inayozidi asilimia 20, chupa hujazwa mchanganyiko wa ethanoli ya asilimia 50, na ikiwa bidhaa itakaa rafuni zaidi ya miezi sita, huwekwa kwenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi kwa siku 10. Antimoni, metali inayotokana na kichocheo cha kutengenezea PET, isizidi miligramu 0.04 kwa kilo, na asetaldehidi, kemikali inayotokea PET inapoyeyushwa, isizidi miligramu 6 kwa kilo.

Wakati majibu yakisubiriwa, fanya jaribio lako mwenyewe kwa waragi uleule utakaouza. Jaza chupa kadhaa, zifunge kwa mashine ya kila siku, uziandike namba, kisha uzipime kwenye mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Nusu zisimamishe, nusu zilaze ili pombe iguse utando wa ndani ya kifuniko, kwa sababu uvujaji mwingi huanzia hapo, na mwuzaji wa chupa mara nyingi hahusiki na kifuniko. Weka pia chache za kioo kwa kulinganisha. Kila wiki zipime upya: uzito unaopungua ni pombe inayotoroka. Pima nguvu ya pombe kwa haidromita, kipimo kinachoelea ndani yake, halafu wape watu wasiojua kipi ni kipi wanuse na kuonja. Kagua shingo na kitako kwenye mwanga wa jua, kwani nyufa nyembamba kama unywele huonekana kwanza hapo.

Kreti moja ipakie kwenye lori linalopita barabara ya vumbi, kwani mtikisiko hufichua vifuniko vilivyolegea.

Rekodi zote, pamoja na za chupa zilizoshindwa, ziwasilishe kwa Shirika la Viwango la Uganda huko Bweyogerere unapoomba alama ya ubora. Ukibadilisha muuzaji, kifuniko au unene wa chupa, jaribio huanza upya.