Kabla ya Kusimamisha Kinu cha Upepo Lamu: Mtetemo na Namna ya Kuudhibiti

Anayekusudia kusimamisha kinu kidogo cha upepo Lamu hutazama kwanza bei na kiasi cha umeme, ilhali kinachokichakaza kinu mapema mara nyingi ni mtetemo, ambao sehemu yake kubwa huamuliwa kabla mlingoti haujasimama.

Mahali pachaguliwe kwa uangalifu. Nyumba za mji wa kale, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mlingoti ukifungwa juu yake, mtetemo hushuka ukutani, hulegeza lipu na kuingia vyumbani kama mngurumo. Isitoshe, upepo unaopita juu ya mapaa yaliyosongamana huwa na misukosuko, hivyo panga la kinu lililo juu hupigwa tofauti na lililo chini. Ni afadhali mlingoti usimame peke yake juu ya msingi wa zege, pasipozibwa upepo wa kusi wala wa kaskazi na minazi.

Jambo linalodharauliwa, nami naliona zito kuliko yote, ni kwamba kila mlingoti ukisukumwa huyumba kwa mwendo wake wa asili, yaani idadi yake maalumu ya mayumbo kwa sekunde. Rota ya mapanga matatu inayozunguka mara 300 kwa dakika, ikiwa haijasawazishwa, huusukuma mara 5 kwa sekunde, na mapanga yanapoupita huusukuma mara 15. Mwendo wa mlingoti ukilingana na mmojawapo wa misukumo hiyo, kila msukumo huongeza nguvu ya uliotangulia, hadi bolti zinalegea na chuma kinapata nyufa. Kwa hiyo muuzaji atoe viwango vya mwendo wa mlingoti na kasi ya rota kwa maandishi kabla ya malipo. Kukaza nyaya za kuushikilia mlingoti au kubadili unene wa bomba lake huubadilisha mwendo huo. Katika vinu vikubwa, kompyuta huiharakisha rota ipite kasi ya hatari bila kukaa hapo, na baadhi ya minara huwekewa uzito wa kuyumba kinyume chake.

Mapanga nayo yapimwe uzito na kusawazishwa kabla ya kupandishwa. Kazi hiyo ifanywe wakati wa maleleji, upepo unapotulia kati ya kusi na kaskazi, na mlingoti uwe wa kulazwa chini, kwa kuwa chumvi ya bahari hugandamana juu ya mapanga na kuzila beringi, na bila kuulaza, hakuna atakayeyaosha wala kukaza bolti baada ya wiki za kwanza za kusi.