Biashara ndogo, begi mgongoni: namna ya kuishi na benki yako ukiwa safarini mwaka mzima

Nianze na kitu ambacho wengi wanakiweka mwisho, laini ya simu. Kama we ni mtu wa kuhama nchi kila baada ya wiki kadhaa, benki yako haipo kwenye jengo wala kwenye apu, ipo kwenye ile laini uliyosajilia akaunti, ikizima hiyo na we umezima. Mi hili nimelilipia. Nilikuwa nadaiwa na fundi wa tovuti yangu, saa tano usiku nikasema ngoja nimalizane naye, nikaingiza kiasi, nikabonyeza tuma, apu ikaniambia tumekutumia namba ya uthibitisho. Imetumwa wapi sasa? Kwenye laini iliyolala kwenye mfuko wa begi miezi na miezi bila salio, na mtandao walishaifunga kitambo. Pesa naiona kabisa, kuitoa siwezi. Na kuirudisha laini wanataka nifike mwenyewe na kitambulisho, mi niko nchi ya tatu huko. Fundi kasubiri wiki mbili, mpaka leo nikimwandikia ananijibu kwa mkato.

Kwaiyo kabla hujaondoka tafuta simu inayobeba laini mbili, laini ya benki ikae humo muda wote, na bando la nchi uliyopo ununue kwa eSIM (laini ya ndani ya simu isiyo na kadi) au laini ya pili. Zima data za romingi kwenye laini ya benki ila acha meseji ziingie. Waulize mtandao wako laini inakaa siku ngapi bila kutumika kabla hawajaifunga, alafu weka kikumbusho kwenye simu cha kuongeza salio kabla siku hizo hazijaisha, hata kidogo tu. Na ujaribu ukiwa bado nyumbani, usisubiri kujaribia ugenini.

Benki yako ikiruhusu, hamia kwenye apu ya kuzalisha namba za siri, zile zinazobadilika kila sekunde 30. Hizo hazihitaji mtandao wala laini, zinategemea saa ya simu tu. Hapo kuna mtego mmoja nimeona watu wanalia nao: umevuka mipaka, saa haijabadilika, we unaingia kwenye mipangilio unaisogeza kwa mkono, basi namba zote zinakataliwa unadhani umedukuliwa. Iache saa ijipange yenyewe. Zile namba za akiba wanazokupa siku ya kwanza, za kuingilia apu ikikosekana, andika kwenye karatasi, uweke mbali na simu, maana ukiziweka ndani ya simu hiyohiyo na simu ikaibiwa umebaki na nini?

Akaunti ya biashara iwe peke yake na ya kwako binafsi peke yake, hili sina haja ya kulielezea sana, siku ya kupiga hesabu za kodi utajua mwenyewe.

Kadi sasa. Tembea na mbili za benki tofauti, ikiwezekana moja Visa moja Mastercard, na zisikae pochi moja. Angalia tarehe ya kuisha muda, maana kadi mpya wanaituma kwenye anwani uliyoandikisha na we huko haupo. Kwenye ATM ya ugenini kuna skrini moja ya kuwa nayo makini, inakuja mwisho mwisho ukishachoka kubonyeza, inakuuliza tukukate kwa pesa ya kwenu au kwa pesa ya hapa. Ya kwenu inaonekana ya kirafiki kwa sababu unaielewa, na mara nyingi wanaikoleza kwa rangi ili uibonyeze hiyo. Usibonyeze. Ukikubali, mwenye mashine ndo anapanga bei ya kubadilisha na huwa anajiwekea chake humo. Chagua pesa ya hapo ulipo, benki yako ibadilishe yenyewe. Hata mashine za hotelini na dukani zina hiyo janja.

Kupokea malipo ya wateja nako kuna mambo yake. Mteja akituma kwa SWIFT, ule mtandao wa mabenki wa kutumiana maagizo ya malipo kati ya nchi, pesa inaweza kupita benki za kati na kila moja ikamega kidogo, invoisi inasema hivi na akaunti inasoma vile, mnaanza kushukiana bure. Kwenye invoisi andika kabisa nani anabeba makato: OUR maana yake mtumaji anabeba yote, SHA mnagawana, BEN yote yako. Namba ya SWIFT inayotambulisha benki ina herufi na tarakimu jumla 8 au 11, ukiona 9 kuna kitu kimekosewa. Kwa nchi zinazotumia IBAN, yaani namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, umepona kidogo, tarakimu mbili baada ya herufi za nchi ni za kukagua kwaiyo kosa dogo la kuandika kwa kawaida linagunduliwa mapema. Huduma kama Wise au Payoneer zinakupa namba za kupokelea fedha za nchi kadhaa na mara nyingi makato yanapungua, ila mi siweki mayai yote humo, nahamishia benki kila wiki, kwa sababu na wao wanaweza kukusimamisha wakague nyaraka.

Na nyaraka ndo shughuli yenyewe. Siku isiyo na jina benki itakuomba uthibitisho wa makazi, au ikuulize unalipa kodi nchi gani. Usidanganye. Chini ya CRS, utaratibu wa nchi kupeana taarifa za akaunti kwa ajili ya kodi ulioanza kubadilishana taarifa mwaka 2017, mabenki ya nchi zaidi ya 100 yanapeleka kwa mamlaka za kodi taarifa za akaunti za watu ambao ni wakazi wa kodi wa nchi nyingine. Nchi nyingi pia zinahesabu siku 183 kukufanya mkazi wa kodi, kwaiyo kaa na daftari la tarehe za kuingia na kutoka. Usajili wa biashara, pasipoti, bili ya karibuni yenye anwani yako ya kweli, vyote viskani uwe navyo tayari kwenye simu na sehemu nyingine ya pili, maana hizo barua pepe zao huwa na siku chache za kujibu na zinapenda kukukuta uko kwenye basi.

Mwisho kuhusu malipo unayotuma we mwenyewe. Tumia data za simu yako, siyo waifai ya kituoni. Msambazaji akikuandikia kwamba amebadilisha akaunti, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo zamani, siyo ile iliyo kwenye hiyo barua. Na usiache malipo mpaka Ijumaa jioni, kumbuka ijumaa ya benki yako siyo lazima iwe ijumaa ya hapo ulipo, mi saa ya benki nimeibandika kwenye skrini ya simu pembeni ya saa ya hapa.